Muziki wa Mtetea ya Tano

Siku Kokushubila alipokwenda Mabibo kuwaangalia wanafunzi wakiijaribu gemu aliyoitungia muziki, mtu wa kwanza kupewa simu alianza kwa kuzima sauti.

Alikuwa binti wa mwaka wa pili chuoni, mchangamfu, ameketi na wenzake kwenye benchi la saruji nje ya hosteli. Aliipokea simu, akabonyeza kitufe cha pembeni mpaka sauti ikaisha kabisa, akajipachika masikioni hedifoni za simu yake mwenyewe na kuchagua wimbo anaoutaka. Ndipo akaanza kucheza. Kuku akakimbia barabarani, akaokota vifaranga, akamkwepa mwewe, na binti akawa anatikisa kichwa kwa mdundo usiohusiana kabisa na kuku wala mwewe.

"Samahani mdogo wangu," Kokushubila akamwambia akimgusa bega. "Tungependa ucheze na sauti yake."

Binti akatoa hedifoni moja. "Aa, sista, mie gemu nachezaga hivi hivi. Muziki wa gemu unanichosha."

"Lakini huu hujausikia."

"Nimeusikia kidogo pale ilipofunguka. Mzuri," akasema kwa adabu, kisha akairudisha hedifoni sikioni.

Afadhali angekuwa yeye peke yake. Wa pili, kijana mwenye ndevu aliyekuwa akisomea uhandisi, alisikiliza kweli, tena kwa makini, halafu akakunja uso. "Hii ndo Mtetea? Mbona kama tuko kwenye misa ya mazishi?" Wa tatu alicheza mpaka kuku wake akakamatwa na mwewe. "Ule wa zamani mmeupeleka wapi?" akauliza, na palepale akaanza kuuimba kwa ulimi, ti-ti-tii, ti, ti-tii, pamoja na vile vikimya vyake vya katikati, bila kukosea hata kimoja. Wenzake wakadakia. Benchi zima likawa linalia kama simu ya tochi, watu wanacheka na kugongeana viganja, na Kokushubila amesimama mbele yao na mkoba begani, hakuna anayejua kwamba huo wanaouimba ameutunga yeye.

Edgar, mwenye gemu, alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha ukuta akitabasamu hadi magego. Tabasamu lile ndilo lililomuudhi Kokushubila kuliko vyote.

Kokushubila alikuwa mwalimu wa muziki kwenye shule moja ya sekondari huko Kinondoni. Alikulia Muleba, kwa baba aliyefundisha kwaya, kwenye nyumba ambayo watoto walijua kugawana sauti nne kabla hawajajua kugawana nyama. Alipokuja Dar kusoma chuo alikutana na Edgar, kijana wa Tukuyu mwenye maneno mengi, aliyekuwa akihangaika kutengeneza gemu ya simu. Ilikuwa gemu ya kuku mtetea anayevuka mitaa ya jiji akitafuta vifaranga vyake huku mwewe akizunguka juu. Miaka hiyo watu wengi walikuwa na viswaswadu, vile visimu vya vitufe vyenye tochi kichwani. Edgar akamwomba amtungie kimuziki.

Wimbo ulimjia mzima, mchana mmoja akiwa anafua. Sauti ya juu ni kuku anaita, ya pili inamwitikia, ya tatu na ya nne zinatembea chini polepole kama watu waliobeba kitu kizito. Lakini kiswaswadu hakikuweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja. Kilikuwa na mlio mmoja tu, na kuku akidonoa punje, mlio wa kudonoa uliukata muziki. Basi Kokushubila akazitupa sauti tatu, akabakiza ile ya juu peke yake, na hiyo nayo akaitoboa matundu ili punje zipate mahali pa kuangukia. Kilichobaki kilikuwa mifupa. Alimkabidhi Edgar huku akiona haya.

Mifupa hiyo watu wakaipenda kufa. Waliipiga miluzi njiani, waliiweka iwe mlio wa simu zao.

Mtetea ya pili ilitoka simu zilipojifunza kupiga sauti nyingi pamoja, lakini zilikuwa sauti za bati, tarumbeta inalia kama mbuzi. Ya tatu ilikuta watu wameanza kushika simu za kupangusa. Hapo waliweza kurekodi ala za kweli, na Albano, mchonga vinyago wa Mwenge, akaja na ngoma zake kuzipiga. Ila Edgar alitaka gemu iwe nyepesi kupakua, kwa hiyo ngoma za Albano zikakatwakatwa, kikabaki kipande kifupi kinachojirudia mpaka mtu anatamani kuitupa simu dirishani. Ya nne hawakumwita kabisa. Edgar alimpa prodyuza wa singeli wimbo uleule, akaukimbiza mpaka kuku akasikika kama ameungua miguu, na watoto wakaucheza kwenye kila sherehe. Jina la Kokushubila liliwekwa mwishoni kwa herufi za kuhitaji miwani.

Alivumilia. Kila mara alijiambia kwamba simu zitakua, na zikikua wimbo utapata nafasi yake.

Kwa hiyo Edgar alipompigia kuhusu ya tano na kumwambia, "Koku, safari hii hakuna cha kutubana, fanya vile ulivyokuwa unatakaga siku zote," Kokushubila alikaa kitako jikoni akacheka peke yake.

Alijua anachotaka. Kuku akiwa peke yake, mchezaji asikie sauti moja tu ya mwanamke, bila maneno. Akimpata kifaranga wa kwanza, sauti ya pili iingie. Akimpata mwingine, ya tatu. Mwewe akinyakua, sauti moja itoke na pale ilipokuwa pabaki patupu, mchezaji aone kwa masikio kwamba kuna mtu kapungua. Fundi wa sauti pale ofisini, Revelian, kijana mpole aliyevaa fulana ya mikono mirefu hata wakati wa joto, alihangaika wiki na wiki mpaka sauti zikawa zinaingia na kutoka bila kushtuana.

Sauti ya kuku ilikuwa ya Bi Zubeda. Huyu alikuwa mama wa Tandika, Temeke, mzaliwa wa Lindi, aliyeimba taarabu ujana wake wote na sasa aliitwa kwenye harusi za jamaa tu. Walijaribu kumrekodi ofisini Mbezi Luis, lakini honi za mabasi ya mikoani zilipenya ukutani kama hakuna ukuta. Wakahamia chumbani kwake, wakaziba madirisha kwa magodoro.

"Namwita nani?" Bi Zubeda aliuliza, kipaza sauti kikiwa mbele ya uso wake.

"Watoto, mama. Umeangalia nyuma, hawapo."

"Wote?"

"Wote."

Bi Zubeda alizungusha bangili yake mkononi. "Haya. Washa."

Alipomaliza, Revelian alivua hedifoni akageukia magodoro, akakaa hivyo kwa muda akijifanya anarekebisha waya. Kokushubila aliporudi nyumbani alijisemea, sasa umezaliwa.

Wimbo huo ndio ulioitwa misa ya mazishi.

Kutoka Mabibo walirudi moja kwa moja ofisini. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ilinuka rangi siku zote. Edgar alifunga mlango, akawasha feni.

"Koku, si umewasikia mwenyewe?"

"Nimewasikia. Kila mtu anataka muziki aliouzoea alipokuwa mdogo."

"Basi tuwape."

"Upi? Yule mwenye ndevu anataka wa kiswaswadu. Watoto wa shuleni kwangu wanataka singeli. Huyu Revelian hapa ukimbana atakwambia anataka ngoma za Albano."

Revelian akainamisha macho kwenye kompyuta yake. Ilikuwa kweli.

"Wengi wanataka wa kwanza," Edgar akasema. "Na wa kwanza ni wako, sikuletei cha mtu. Una ladha yake, Koku. Vile unavyokatikakatika..."

"Ni matundu!" Kokushubila akapaza sauti mpaka muuza duka wa chini akaacha kugongagonga. "Hiyo si ladha, Edgar, ni matundu. Niliyatoboa kwa sababu simu zilikuwa mbovu. Ungenipa simu nzima ningekupa wimbo mzima. Sasa nakupa mzima, unaniambia rudisha mbovu?"

"Nakwambia watu wamezoea."

"Wamezoea ugonjwa!"

"Usitukane watu wanaotuweka mjini." Edgar naye sauti ilianza kupanda, Kinyakyusa kikaanza kusikika kwenye Kiswahili chake. "Mie siwezi kutoa gemu watu wakaizima sauti. Waliotupa pesa watauliza. Wewe unarudi shuleni kwako, mie nabaki na hawa wafanyakazi, nawaambia nini? Kwamba wimbo ulikuwa mzuri sana ila hamkuelewa?"

Kilichomuuma Kokushubila ni kwamba Edgar hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Alikuwa mtu anayeogopa, na hofu yake ilikuwa na maana.

"Tufanye hivi," Edgar akasema kwa upole zaidi. "Hatua zote tunaweka ule wa kwanza. Ya mwisho kabisa tunaweka wako huu mpya, na Bi Zubeda, na kila kitu. Mtu akifika kule anausikia. Inakuwa kama zawadi."

"Wangapi wanafikaga mwisho?"

Edgar akatazama feni. Akajibu Revelian, kwa sauti ya chini, "Wachache, dada."

"Wachache kiasi gani?"

"Wachache sana."

Kokushubila akachukua mkoba wake. Ngazi za jengo lile zilikuwa nyembamba na alizishuka kwa kishindo kama mtu anayehama.

Gemu ikatoka. Watu wakaifurahia. Mitandaoni wakaandika kwamba hatimaye Mtetea imerudi ilivyokuwa, kwamba hawa jamaa wamesikiliza kilio cha wananchi. Shuleni, mwalimu wa hisabati alimshika mkono ofisini mbele ya wenzake. "Mwalimu Koku, hongera! Umeturudisha mbali! Mie na mke wangu jana tumegombania simu." Wanafunzi walipishana naye varandani wakiimba ti-ti-tii na kumtazama kwa pembe ya jicho, wakisubiri atabasamu. Alitabasamu. Taya zilimuuma.

Redio moja ya mtandaoni ikamwita kwa mahojiano. Mtangazaji, kijana mwenye sauti ya asali, akamuuliza alifikiria nini alipoamua kurudi kwenye asili yake. "Sikuamua mimi," Kokushubila akajibu, akaeleza yote, sauti nne, matundu, hatua ya mwisho. Mahojiano yaliporushwa, sehemu hiyo haikuwepo. Ilibaki pale anaposema anawashukuru mashabiki.

Halafu Bi Zubeda akapiga simu.

"Koku mwanangu, hujambo? Mkwe wangu kaiweka ile gemu. Tangu asubuhi tunaicheza, nasikia vile vi-ti-ti-ti tu. Mie mmeniweka wapi?"

Kokushubila alisimama katikati ya uwanja wa shule, jua limemkalia utosini, akashindwa kulisema kwa simu. "Sijambo, mama, shikamoo. Jumamosi nakuja."

"Marahaba. Njoo basi, na mie niwaite watu."

Alipofika Tandika Jumamosi alikuta mkeka umetandikwa uani, maandazi kwenye sinia, na majirani wamekaa na kanga zao safi kama wanasubiri bibi harusi atolewe. Mkwe wa Bi Zubeda alikuwa ameunganisha simu yake na spika kubwa. Kokushubila akasalimia, akapewa kigoda, akakataa chai, akasema ukweli wote kwa pumzi moja: kwamba sauti ya Bi Zubeda imewekwa mwisho, na mwisho wenyewe uko mbali.

Jirani mmoja akajikohoza.

"Hili ulilijua lini?" Bi Zubeda akauliza.

"Kabla haijatoka, mama."

"Na hukunipigia."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira." Bi Zubeda alilitafuna neno hilo. "Hasira zako wewe ndo zimenifanya mie nikaange maandazi ya watu kumi na mbili? Mwenye kukasirika hapa alitakiwa awe mie. Ungenipigia tungekasirika wawili." Akajikalia sawa kwenye mkeka. "Haya, fungua huo mwisho."

"Haufunguliwi, mama. Lazima ichezwe mpaka huko."

"Basi cheza."

Kokushubila aliishika simu. Hapo ndipo alipokumbuka jambo ambalo miaka yote halikuwahi kumsumbua: hajui kucheza. Alikuwa ametungia Mtetea zote, isipokuwa ile ya nne waliyomnyang'anya, na hata moja hakuwahi kuivuka nusu. Muziki aliujaribu kwenye kompyuta, akiwaachia wengine habari za kuku.

Kuku wake alikufa. Akafa tena. Alikufa darajani, alikufa sokoni, aligongwa na bajaji kabla mwewe hajapata hata nafasi. Majirani walianza kwa kumpa moyo, wakaendelea kwa kumwelekeza wote kwa pamoja, wakaishia kula maandazi na kuzungumza mambo yao. Adhuhuri ikaingia, wengine wakaenda kuswali na hawakurudi. Na muda wote huo spika kubwa ilikuwa inamtemea usoni ule wimbo wake wa mifupa, ti-ti-tii, ti, ti-tii, mpaka alihisi meno yanamkereketa.

Katikati ya hatua ya tano ndipo alipogundua kwamba hafi sana kama mwanzo. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuufuata wimbo. Mahali penye kikimya ndipo kuku alipodonoa, na kuku akidonoa kwenye kikimya alikuwa tayari kuruka muziki unaporudi. Aliyekuwa akimbeba kuvuka barabara ni yale matundu. Aliruka lori, akaruka mfereji, akaingia hatua ya sita. Watu wa Mabibo hawakuwa wamependa ubovu wa simu tu, kulikuwa na kitu pale. Hilo nalo likamuudhi, kwamba kitu hicho alikitengeneza yeye na hakuwahi kukijua, na kwamba Edgar, asiyejua kutofautisha sauti ya pili na ya tatu, alikuwa amekihisi.

"Dada, nipe mimi hapa," mkwe wa Bi Zubeda akasema walipofika paa za maghala. "Hii hatua naijua." Akaivuka. Wakapokezana hivyo, mmoja akichoka mwingine anashika, huku jua likihamia ukuta wa pili.

Walipoingia hatua ya mwisho, vile vi-ti-ti-ti vilikatika. Ua wote ukashtuka kwa ukimya. Kisha Bi Zubeda akaanza kuimba kutoka kwenye spika.

Jirani aliyekuwa anasuka ukili akauacha. Sauti ilipanda peke yake, ikaita, ikangoja. Kokushubila, jasho likimtiririka, akampata kifaranga wa kwanza na sauti ya pili ikaingia chini yake. Akampata mwingine. Ya tatu ikaja ikitembea taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kufua nguo aliusikia wimbo wake ukiwa karibu kutimia, si ofisini, si kichwani, bali uani kwa watu, kuku wa kweli wakipekua taka pembeni. Alimtazama Bi Zubeda. Mama yule alikuwa ameinamisha sikio kwenye spika, uso haucheki wala haulii.

"Hapo nilichelewa kuvuta pumzi," akasema. "Hukuisikia?"

"Sikuisikia, mama."

"Nilichelewa. Ungeniambia nirudie."

Sekunde hiyo ya kugeuka ilimtosha mwewe. Akanyakua mmoja, akanyakua wa pili, sauti zikatoka moja baada ya nyingine, bajaji ikammaliza kuku, na kioo kikaandika kwamba aanze upya hatua ya kwanza. Ti-ti-tii, spika ikalia.

Mkwe akapiga kelele kama aliyeumwa na siafu. Kokushubila akaiweka simu kwenye mkeka, akatoka nje ya geti, akampigia Edgar.

"Nani aliamua kwamba mtu akifa hatua ya mwisho anarudishwa ya kwanza?"

"Koku? Habari za..."

"Nimekuuliza nani."

"Ni hivyo tangu gemu ya kwanza. Inaleta ushindani."

"Iondoe. Mtu akifika kule abaki kule. Afe mara mia, lakini abaki kule."

Edgar akacheka, cheko la mtu aliyeshangaa kweli. "Umeicheza? Wewe?"

"Nimecheza leo kutwa. Ule wa zamani una kazi yake, nimeona, wala sikatai. Lakini hukuniuliza, Edgar. Uliniambia. Na habari ya muziki hatujamaliza."

"Nitaongea na Revelian," akasema Edgar. "Hilo la hatua ya mwisho. Hilo naweza."

Apdeti ilitoka mwezi uliofuata. Watu wakawa wanafia hatua ya mwisho bila kurudishwa nyuma, na wale wachache wanaofika huko wakaongezeka kidogo. Mmoja aliandika kwamba ule wimbo wa mwisho unamtia usingizi. Mwingine aliuliza huyo mama anayeimba ni nani, akajibiwa na mtu kwamba labda ni kompyuta. Kokushubila aliisoma hiyo akiwa ofisini kwa walimu, akaandika jina kamili la Bi Zubeda na mtaa anaotoka, na wala hakungoja kuona nani atajibu.

Edgar alipomtumia ujumbe wa kwanza kuhusu gemu ya sita, akiuliza kama atakuwemo, Kokushubila aliuacha ukae mchana kutwa. Baadaye, akisahihisha madaftari ya kidato cha pili, akaichukua simu akamrudishia swali moja tu: safari hii nani anaamua?

Alama za kwamba Edgar anaandika jibu zilitokea, zikapotea, zikatokea tena.